Madini ya Thamani Angani: Funzo la Mawe ya Habaswein

Mwaka 2016, ndugu wawili wa Habaswein katika Kaunti ya Wajir walikuwa nyikani, magharibi mwa mji huo, wakiwatafuta ngamia wao. Huko walikutana na mawe makubwa ambayo hayakupaswa kuwapo. Sehemu hiyo ni tambarare ya mashapo, karibu na mahali Mto Ewaso Ng'iro unapopotelea katika kinamasi cha Lorian, na mtu anaweza kutembea kutwa asikanyage jiwe. Mawe waliyoyakuta yalikuwa mazito kupita kiasi cha ukubwa wake, yenye ngozi nyeusi iliyopiga kutu. Wenyewe waliamua kwamba mawe hayo hayakutoka ardhini bali yalishuka kutoka juu, na wakatumia wiki kadhaa kuyakusanya na kuyasafirisha hadi nyumbani, makubwa yakinyanyuliwa kwa winchi. Wafanyabiashara wa vimondo kutoka ng'ambo walifika, na mwaka 2017 mawe hayo yakaingizwa katika orodha ya kimataifa ya vimondo kwa jina la Sericho, kwa kuwa yaliokotwa upande wa Sericho katika Kaunti ya Isiolo. Yaliyokusanywa yalikadiriwa kufikia takriban tani 2.8, yakiwa yametawanyika katika ukanda wenye urefu wa zaidi ya kilomita 45.

Tukio hili linafaa kuwa mlango wa kuingilia mjadala ambao mara nyingi huendeshwa kana kwamba ni wa Marekani na Ulaya pekee, yaani mjadala wa madini ya thamani yaliyoko angani na matarajio ya kuyachimba. Ukweli ni kwamba Kaskazini Mashariki ya Kenya imekwisha kuguswa na biashara hiyo. Vipande vya Sericho vimo leo katika makabati ya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, vimekatwa vibamba vyembamba, vimeng'arishwa, na huuzwa kwa gramu. Makala haya yanadhamiria kueleza madini hayo ni yapi, yalifikaje huko yaliko, kwa nini kuyaleta duniani ni kazi ngumu kuliko inavyotangazwa, na ni nani anayeweza kudai kuwa mwenyewe.

Kwanza istilahi, kwa kuwa hapa ndipo wengi hukanganyikiwa. Neno kimondo katika matumizi ya kawaida hubeba mambo matatu: jiwe linapoelea angani, mwanga linaoutoa linapowaka kwa kusuguana na hewa, na kipande kinachobaki ardhini baada ya moto kuzimika. Mwanasayansi hutenganisha mambo hayo matatu, lakini mzungumzaji wa Kiswahili huyaacha pamoja, na muktadha humtosha. Miamba mikubwa zaidi inayolizunguka jua, mingi yayo kati ya Mirihi na Mshtarii, huitwa asteroidi au sayari ndogo. Neno lenye utata zaidi ni madini, ambalo hutumika kwa chuma na dhahabu, na vilevile kwa chumvi, jasi na vito. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kukaa au kutulia mahali, na ma'din ni pale kitu kinapokaa na kuchimbwa. Kwa hiyo kimondo ni madini yaliyohama makao yake. Mzaha huu wa kietimolojia utarudi baadaye katika sura ya kisheria.

Kwa nini dhahabu iko juu

Dhahabu na platini hazikuzaliwa duniani. Elementi hizo nzito hutokea katika misukosuko mikubwa ya nyota, na tarehe 17 Agosti 2017 wanaastronomia walishuhudia nyota mbili za nyutroni zikigongana na kuungana, wakaona katika mwanga wake dalili za kuumbwa kwa elementi za aina hiyo. Vumbi la matukio ya kale ya namna hii lilichanganyika na wingu lililozaa jua na sayari zake miaka takriban bilioni 4.6 iliyopita.

Dunia ilipokuwa changa na moto, chuma kilichoyeyuka kilizama kuelekea kitovuni kwa sababu ya uzito wake. Dhahabu, platini, iridi na jamaa zake hupenda kuandamana na chuma, basi nazo zikazama pamoja nacho. Inakadiriwa kuwa zaidi ya asilimia 99 ya dhahabu ya dunia imo katika kiini ambako hakuna shimo litakalofika. Katika gamba la nje tunaloishi juu yake zilibaki gramu chache tu za dhahabu katika kila tani elfu moja za mwamba. Wachimbaji wa Migori au wa Geita hutegemea mahali ambapo maji ya moto ya chini ya ardhi yaliikusanya dhahabu hiyo adimu katika mishipa ya mawe.

Baadhi ya asteroidi zilipitia njia hiyohiyo: ziliyeyuka, chuma kikazama katikati, kisha zikagongana na kupasuka. Kiini ambacho katika dunia kimefichwa chini ya kilomita 2,900 za mwamba, katika asteroidi iliyovunjika kikawa wazi. Vimondo vya chuma ni vipande vya viini vya namna hiyo. Katika tani moja ya kimondo cha chuma platini huweza kufikia gramu kadhaa, pengine zaidi ya kumi, kiwango kisichopishana sana na mbale bora inayochimbwa Afrika Kusini, nchi inayotoa sehemu kubwa ya platini yote ya dunia.

Sericho si kimondo cha chuma kitupu. Ni palasiti, aina iliyopewa jina la mtaalamu Peter Simon Pallas aliyechunguza jiwe la namna hiyo huko Siberia katika karne ya 18. Katika palasiti, fuwele za madini yaitwayo olivini, zenye rangi ya kijani kinachoelekea manjano, zimepachikwa ndani ya chuma na nikeli mithili ya zabibu kavu ndani ya mkate. Kibamba chembamba kikiinuliwa mbele ya taa hupenya nuru kama kioo cha rangi. Sehemu ya chuma ikipakwa asidi hujitokeza michoro ya mistari inayokatana, iitwayo michoro ya Widmanstätten, ambayo haiwezi kuundwa katika tanuri lolote la binadamu kwa kuwa huhitaji chuma kipoe kwa digrii chache tu katika kila miaka milioni moja. Hiyo ni hati ya kuzaliwa isiyoghushika.

Sasa hesabu ya haraka. Tani 2.8 zote za Sericho zingeyeyushwa ili kutoa dhahabu, zingepatikana gramu chache, za kutosha pete moja au mbili. Kuni za kuyeyushia zingegharimu zaidi. Thamani ya mawe yale haikuwa katika madini yaliyomo bali katika uhaba, uzuri na safari yake. Jambo hili husahauliwa mara kwa mara na wale wanaosikia habari za vimondo kisha wakakimbilia nyundo: jiwe linalovunjwavunjwa kutafuta dhahabu hupoteza thamani pekee lililokuwa nayo.

Jiwe la chuma la ng'ambo ya mpaka

Kisa cha pili kilitokea Somalia, katika eneo la El Ali, mkoa wa Hiiraan. Hapo palikuwa na kimondo cha chuma chenye uzito wa takriban tani 15 ambacho wafugaji walikifahamu kwa vizazi kadhaa. Walikiita Shiid-birood, jina ambalo msemaji yeyote wa Kisomali wa Garissa analielewa bila kamusi: shiid ni jiwe, na birood ni la chuma. Walinolea visu juu yake, na limetajwa katika nyimbo na masimulizi yao. Hawa ni watu wenye elimu pana ya nyota. Mtaalamu Muusa Galaal aliandika kitabu kizima kuhusu namna wafugaji wa Kisomali wanavyopima majira kwa nyota, kama wakulima wa Kiswahili walivyotazama Kilimia. Basi anayesema kwamba kimondo cha El Ali "kiligunduliwa" mwaka 2020, wakati kilipoondolewa mahali pake na kupelekwa Mogadishu, anapaswa kueleza kilikuwa kimefichwa kwa nani.

Kilichogunduliwa kwa hakika kilikuwa ndani. Kipande cha gramu 70 kilichopelekwa Chuo Kikuu cha Alberta nchini Kanada kilichunguzwa na Chris Herd, na mwaka 2022 ikatangazwa kwamba kilikuwa na madini ambayo hayakuwahi kuonekana katika maumbile. Moja likaitwa elaliiti kwa heshima ya mahali, na jingine elkinstantoniti kwa heshima ya mwanasayansi Lindy Elkins-Tanton. Jiwe lenyewe lilikwisha kuondoka: habari zilizowafikia watafiti zilisema limepelekwa Uchina kutafutiwa mnunuzi. Jina la kijiji limebaki katika vitabu vya madini, na kijiji kimebaki bila jiwe.

Linganisha na Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania. Kimondo cha huko, chenye uzito wa takriban tani 16, kilijulikana kwa wenyeji kabla ya mpima ardhi William Nott kukiandikia habari zake mwaka 1930. Kuna makovu ya misumeno iliyokata vipande vya uchunguzi, lakini jiwe bado liko palepale, limechimbwa pembeni likaachwa juu ya kiti chake, linalindwa kama urithi wa taifa, na wageni hulipa kiingilio kwenda kulitazama. Mbozi ni mgodi wa angani unaofanya kazi hadi leo, na kinachochimbwa hapo ni udadisi wa watu.

Gharama ya safari

Hadi hapa yamezungumziwa mawe yaliyokuja yenyewe. Kuyafuata yaliko ni shughuli nyingine. Chombo cha Marekani cha OSIRIS-REx kilirushwa mwaka 2016, kikaifikia asteroidi Bennu, kikachota udongo wake na kuudondosha katika jangwa la Utah tarehe 24 Septemba 2023. Uliopatikana ulikuwa gramu 121.6. Mradi mzima uligharimu zaidi ya dola bilioni 1, maana yake kila gramu ilifika ikiwa imegharimu zaidi ya dola milioni 8. Katika mwaka 2025 gramu ya dhahabu haikushuka chini ya dola 80. Wajapani, kwa chombo cha Hayabusa2, walileta gramu 5.4 kutoka asteroidi Ryugu mwezi Desemba 2020. Ikumbukwe kuwa safari hizi zilikuwa za kisayansi, na kwa kipimo hicho zilifaulu sana. Kasoro ni kuzitumia kama ushahidi kwamba biashara imekaribia.

Kampuni zimejaribu. Planetary Resources ya Marekani ilitangaza mipango yake mwaka 2012 kwa kishindo na matajiri wakubwa nyuma yake; mwaka 2018 ilikuwa imeishiwa fedha na kununuliwa na kampuni ya mambo mengine kabisa. AstroForge ilirusha chombo chake Odin mwezi Februari 2025 kikachunguze asteroidi inayodhaniwa kuwa na metali, na mawasiliano yakapotea muda mfupi baadaye.

Asteroidi inayotajwa kuliko zote ni Psyche, iliyoonwa mara ya kwanza na Annibale de Gasparis mwaka 1852, yenye upana wa zaidi ya kilomita 220. Magazeti hupenda kuandika kuwa thamani yake ni dola kwintilioni 10, yaani 10 ikifuatwa na sufuri 18. Asili ya tarakimu hiyo ni Elkins-Tanton yuleyule, kiongozi wa safari ya kuichunguza, ambaye aliikokotoa kama zoezi la kufurahisha na kueleza kwamba haina maana, kwa kuwa hakuna njia ya kuileta Psyche duniani na, hata ingeletwa, soko lingeporomoka. Isitoshe, vipimo vya baadaye vya uzito wake vimeonyesha kwamba huenda si chuma kitupu bali mchanganyiko wa chuma na mwamba.

Kuporomoka kwa soko si nadharia tupu. Mansa Musa wa Mali alipopita Kairo mwaka 1324 akienda kuhiji, aligawa na kutumia dhahabu nyingi kiasi kwamba, kwa mujibu wa al-Umari, bei yake nchini Misri ilikuwa haijainuka miaka 12 baadaye. Platini yote inayochimbwa ulimwenguni kwa mwaka haizidi tani 200. Anayeota kuleta tani elfu kumi kwa mkupuo anahesabu utajiri wake kwa bei ambayo yeye mwenyewe ataiua.

Kwa sababu hiyo, wataalamu makini wameanza kusema kidogo kuhusu dhahabu na zaidi kuhusu maji. Kuna asteroidi zenye maji yaliyofungwa ndani ya udongo wake, na mwezi una barafu katika mashimo ya kivuli karibu na ncha zake. Maji yakitenganishwa hutoa haidrojeni na oksijeni, ambazo ni fueli ya roketi. Kila kilo inayorushwa kutoka duniani hugharimu maelfu ya dola, kwa hiyo kilo ya maji iliyopatikana hukohuko ina thamani hiyo bila kuletwa duniani kamwe. Mkazi wa Garissa au Mandera hahitaji profesa kumweleza jambo hili. Katika ukame wa kati ya 2020 na 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, bei ya mtungi wa maji yaliyoletwa kwa boza haikuwa bei ya maji bali ya barabara yaliyopita.

Mwenyewe ni nani?

Mkataba wa Anga wa mwaka 1967, ambao Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoukubali, unakataza taifa lolote kujimilikisha mwezi au gimba jingine la angani. Haukusema waziwazi lolote kuhusu mtu anayechukua kipande na kuondoka nacho. Marekani iliziba pengo hilo kwa upande wake mwaka 2015 kwa sheria inayowaruhusu raia wake kumiliki wanachokichimba huko. Luxembourg ikafuata mwaka 2017, Falme za Kiarabu mwaka 2019 na Japani mwaka 2021. Kila moja inasisitiza kwamba haidai ardhi ya angani, inadai tu kilichotolewa humo. Mfugaji aliyewahi kuona malisho yake yakichimbwa kokoto anaujua utofauti huo unavyoweza kuwa mwembamba.

Kenya nayo iliwahi kudai sehemu ya mbingu. Tarehe 3 Desemba 1976, kwa Azimio la Bogotá, nchi kadhaa za ikweta zikiwamo Kenya, Uganda na Kongo zilitangaza kuwa njia ya setilaiti zinazoonekana kusimama tuli juu ya ikweta, takriban kilomita 36,000 kwenda juu, ni rasilimali yao. Ikweta hiyo hukatiza Kaunti ya Garissa kati ya mji wa Garissa na Modogashe, kwa hiyo kwa maneno ya Azimio lile, sehemu ya njia hiyo ilikuwa juu ya malisho ya kaunti hiyo. Mataifa makubwa hayakulikubali dai hilo, na setilaiti zimeendelea kupita bila kulipa ushuru. Ni rahisi kulicheka leo. Lakini lilikuwa jaribio la mapema la nchi maskini kuuliza swali ambalo mwaka 2015 lilijibiwa bila wao.

Utata ni mkubwa zaidi kwa kile kinachoanguka. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye uzito wa takriban kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga la Kenya, lililoundwa mwaka 2017, lilieleza kuwa ni sehemu ya roketi na likaichukua kwa uchunguzi. Hapo sheria iko wazi: kwa Mkataba wa 1967 chombo hubaki mali ya nchi iliyokirusha hata kikidondoka kwingine, na mkataba wa mwaka 1972 huibebesha nchi hiyo fidia ya madhara. Chuma kilichotengenezwa na binadamu kina mwenyewe popote kiangukapo.

Chuma kisichotengenezwa na binadamu je? Afrika Kusini ilijibu katika sheria yake ya urithi ya mwaka 1999: vimondo ni mali ya dola, na kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 inayaweka madini katika ardhi ya umma, na Sheria ya Uchimbaji Madini ya mwaka 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa. Sheria hiyo inaeleza madini kuwa dutu ya kijiolojia inayopatikana kiasilia ndani ya ardhi au juu yake. Hapa ndipo etimolojia inaporudi. Jiwe lililotua Sericho liko juu ya ardhi, hilo halina ubishi, na limefika kwa njia ya kiasilia. Lakini je, "linapatikana" hapo kwa maana ile ile ambayo jasi hupatikana El Wak, au ni mgeni aliyepitiwa na usiku? Mwanasheria wa serikali atasoma sentensi hiyo kwa njia moja na mchunga ngamia aliyeliokota kwa njia nyingine, na wote wawili watakuwa na hoja.

Usomaji wa kwanza ukikubaliwa, wachungaji wa Habaswein walistahili leseni, na jamii yao ilistahili ile asilimia 10. Ukikubaliwa wa pili, walichofanya kilikuwa biashara halali ya mtu na alichookota, na kilichowapungukia kilikuwa ni habari za bei tu, kwa kuwa mnunuzi aliijua thamani ya kila gramu na muuzaji aliuza kwa mzigo. Katika njia zote mbili kuna jambo lililo ndani ya uwezo wa kaunti bila kungoja mahakama: kubakiza angalau jiwe moja. Ukanda wa Sericho ni mrefu na udongo wake ni mwororo, na vipande vilivyozama havijaokotwa vyote. Sumaku iliyofungwa kwenye fimbo na jicho lililozoea nyika isiyo na mawe vinatosha kuanzia. Chombo cha Psyche, kilichorushwa tarehe 13 Oktoba 2023, kinatarajiwa kufika kwenye asteroidi yake mwezi Agosti 2029 kuchunguza kwa mbali chuma ambacho watoto wa Habaswein wangeweza, kama kingekuwapo katika jumba lolote la makumbusho kati ya Garissa na Mandera, kukigusa kwa mkono.